Kitambi cha Mzee Badawi

Mfuko uliowekwa sakafuni ulipokwisha kujaa maji yaliyotolewa tumboni mwake, Mzee Badawi, mgonjwa wa figo, akamwambia muuguzi wake, Riziki, kwa uchovu, "Haya, pima sasa, mjukuu wangu. Kitambi chote kilikuwa maji hayo."

Riziki akamzungushia futikamba kiunoni, akaisoma mara mbili.

"Maji yamekwisha, babu. Hii iliyobaki ni shahamu, nayo ndiyo inayotutia hofu juu ya uhai wako."

"Subhanallah!" Mkewe, Bi Salama, akaketi kwa kishindo. "Nami nimemshindilia samli kila asubuhi nikidhani namwongezea siku! Majirani wakinisifu, mume kanawiri!"

Mzee hakuwa na nguvu za kulaumu. Aliushika mkono wa mkewe, akauweka juu ya tumbo, nao ukawa ukipanda na kushuka, taratibu, kwa pumzi zake.