Pipa Lililonuna

Dobi alilipiga pipa teke. Kilicholia ni kidole gumba chake; pipa lenyewe lilinyamaza kama mkwe aliyekosewa heshima.

"Chachuka basi!" akaliambia. "Nimekukosea nini?"

Akafunua kifuniko kwa mara nyingine. Hakuna povu, hakuna hata kiputo. Bia imejilalia humo ndani, tamu kama uji, imetulia kama maji ya mtungini.

Jina la Dobi alipewa na kazi yake. Maisha yake yote alifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele, na mkewe akapika bia katika chumba cha nyuma. Bia yenyewe ilikuwa bia kweli. Watu walipita baa mbili njiani, wakaja kubisha hapo. Dobi alikuwa na ruhusa ya kuinywa, lakini si ya kuingia chumba cha nyuma na kitambaa mkononi.

"Wewe na sabuni zako kaeni huko huko mbele," mkewe alikuwa akimwambia. "Huwezi kukitazama kitu usikisugue."

Sasa mke hayupo, na binti yao wa pekee anaolewa mwisho wa mwezi. Hakuomba gari la maua wala bendi. "Baba, nataka watu wanywe bia ya mama." Naye Dobi, ambaye mdomo wake hutangulia na akili ikafuata kwa miguu, akaapa mbele ya wakwe kwamba itanywewa.

Kuapa hakuchemshi maji. Kupika alikujua kwa kuchungulia tu. Aliloweka kimea cha shayiri kwenye maji ya moto, yale ambayo kiwiko kinayavumilia kwa shida. Akachuja. Akachemsha mchuzi wake pamoja na maua ya hopsi mpaka nyumba nzima ikanuka uchungu, akaupoza, akaumimina pipani, akaukoroga kwa mwiko mpya wa chuma. Kila chombo alikuwa amekisugua, ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama humo. Kisha akatundika kitambaa chake kwenye msumari mtupu juu ya mlango, akangoja.

Pipa likanuna.

Akabadilisha kimea. Likanuna. Akabadilisha maji. Likanuna vilevile. Mwisho akaenda dukani akanunua hamira ya pakiti, na hiyo ikachachuka kwa makelele kama soko. Binti akaonja, akameza kwa adabu.

"Si mbaya, baba."

"Lakini?"

"Ni kama kunywa mkate."

Dobi akalibwaga bakuli. "Kwani mama yako hamira alikuwa ananunua wapi?"

"Sikumwona akinunua hamira hata siku moja."

"Unaona? Alikuwa ananificha! Kitanda kimoja, shuka moja, na ananificha hamira! Kaondoka na siri yake mpaka kaburini, yule mwanamke, na huko aliko ananicheka."

"Usimseme hivyo, baba. Ulimzika vizuri mpaka watu wakalia upya."

Hilo likampoza kidogo. Kweli, alimzika vizuri. Gauni alilipiga pasi mwenyewe, kola ikasimama. Akamwekea hata kile kitu alichokipenda kuliko mume. Na hakuna kilichoingia ndani ya jeneza lile ambacho hakijatakata.

Dada mkubwa wa marehemu alipofika kwa ajili ya harusi, hakupewa nafasi hata ya kutua mkoba. Dobi alimvuta moja kwa moja hadi chumba cha nyuma.

"Shemeji, wewe na mdogo wako mlifundishwa na mama mmoja. Niambie alinificha nini."

Shemeji akachota pipani kwa kikombe, akanusa, akaonja, akazungusha ulimi.

"Kimea kizuri. Hopsi sawasawa. Kwa mpiga pasi, umejitahidi."

"Basi mbona imenuna?"

"Si hujaiamsha!" Akainua macho juu ya mlango, akakiona kitambaa. "Ule mwiko wa mti uko wapi? Ule mweusi, wenye nyufa, alioachiwa na mama?"

Dobi akakivuta kitambaa chake kutoka msumarini.

"Hamira imo mle, shemeji. Ndani ya nyufa. Unakorogea bia ya leo, unautundika ukauke na utando wake, na bia inayofuata unaiamsha nao. Hakukuficha kitu. Mwiko ulikuwa unaning'inia hapo juu ya upara wako siku zote!"

Binti alimtazama baba yake, kisha akajikalisha taratibu juu ya gunia la shayiri.

"Mama mkubwa," akasema, "baba alimfumbatisha mama mwiko huo mkononi. Walizikwa wote wawili."

Shemeji akaweka kikombe chini. Akamtazama Dobi. Akautazama msumari. Kisha akatua mkoba wake sakafuni na kukunja mikono ya gauni.

"Jembe liko wapi?" akauliza. "Mdogo wangu namjua. Kwa harusi ya mwanawe, hatanuna."

Binti akasimama. Dobi hakusogea. Alikuwa anaitazama mikono yake, ile iliyokunjamana kwa maji na sabuni za miaka yote.

"Acha jembe, shemeji," alisema kwa sauti ndogo. "Ulikuwa mchafu mno kumpa mtu wa safari. Niliuchemsha kwanza na magadi, mpaka ukawa mweupe."