Kiatu cha Kushoto

Bundi alimwomba Gatakaa kiatu kimoja, cha kushoto. Sababu hakutoa. Gatakaa alimtazama, akaitazama foleni ya wanafunzi waliokuja kuchapisha kazi zao, kisha akainama, akafungua kamba, akampa.

"Nitakurudishia kesho," Bundi alisema.

"Sawa."

Akaendelea kuhudumia wateja mguu mmoja ukiwa na soksi tupu. Bundi alikitia kiatu kwenye mkoba, akavuka barabara ya Nchiru bila kutazama kushoto wala kulia. Pikipiki ilimkosa kidogo tu, na mwenye pikipiki akamtukana ipasavyo.

Hilo lilikuwa ombi la kumi na saba.

Mambo yote yalianzia darasani. Mhadhiri wa saikolojia aliwaambia akina Bundi kwamba mtu akikufanyia hisani, huenda akaanza kukupenda. Akili yake hujiuliza: kwa nini ninamsaidia huyu? Ikikosa jibu, hujitungia: labda ninampenda. Wenzake waliandika, wakasahau. Bundi alikosa usingizi.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia alimwambia Beverlyne wa darasa lao kwamba anampenda, mbele ya watu, na Beverlyne akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo Bundi aliapa kutomtamkia msichana neno la mapenzi mpaka awe na hakika, tena hakika ya kisayansi. Sasa alikuwa amempenda Gatakaa, mwenye kibanda cha kuchapisha karatasi karibu na lango la chuo. Alimpenda mpaka chakula kikawa hakipiti kooni. Kuchekwa mara ya pili asingeweza kustahimili.

Alianza na kalamu. Siku hiyo Gatakaa hakuitoa mara moja.

"Wewe ni Mmeru wa wapi?"

"Githongo."

"Ukoo gani?"

Bundi alilelewa Nakuru, na Githongo aliijua kwa Krismasi tu. Alitaja jina la ukoo alilolisikia kwenye mazishi ya babu yake. Gatakaa aliirudisha kalamu mezani. Akatoka nje, akapiga simu, akazungumza Kitharaka, lugha ya kwao, kwa muda mrefu. Aliporudi alimpa kalamu kwa mikono miwili.

"Amevutiwa," Bundi aliandika kwenye daftari lake. "Anataka kujua nilikotoka."

Baada ya kalamu ukaja mwavuli. Kisha uji, aliposhikwa na homa, nao ukaletwa hadi mlangoni ukiwa moto. Kisha akamwomba afunge kibanda siku nzima amsindikize Meru mjini kuchagua shati, tena wiki ya mitihani, wateja wakiwa wamejaa. Gatakaa alifunga. Mara moja tu Bundi alijaribu kumshika mkono, naye akaurudisha haraka. "Ana haya," Bundi aliandika, akapigia mstari.

Sayansi inataka ulinganisho, kwa hivyo baada ya kupata kiatu alimtuma Ndambiri, kijana wa Embu aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, aende akaombe cha kulia. Ndambiri alirudi akijipapasa kichwa.

"Amenichapa na rula!"

"Safi sana!" Bundi nusura amkumbatie.

"Safi nini? Boss, huyo dem anakupenda ama anakuogopa?"

"Hajawahi kuniambia hapana. Hata siku moja."

"Na yeye amewahi kukuomba kitu?"

Bundi alifikiri. Hakuwahi kuombwa chochote, hata maji ya kunywa. Swali hilo lilimkera wiki nzima. Alilizungusha kichwani akioga, akila, akiwa darasani, akifua lile shati la Meru mjini. Mwishowe aliona kwamba ataugua bure. Majibu kumi na saba ya ndiyo, bila hapana hata moja! Ni mtafiti gani angetaka ushahidi zaidi?

Ijumaa asubuhi alivaa shati, akasubiri wateja wapungue, akaingia kibandani.

"Gatakaa, nina ombi la mwisho."

Uso wa Gatakaa ulibadilika. Alizima mashine.

"Bundi, kama ni kile kitu ninafikiria, tafadhali usikiombe."

"Nataka nikuoe."

Gatakaa hakucheka. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke.

"Hapana."

"Hapana?" Bundi alishika kaunta. "Kwa nini sasa? Kila kitu nimekuomba umenipa! Mpaka kiatu!"

"Ningekunyima aje? Siku ile ya kalamu nyanya aliniambia ukoo wenu na wetu ni gichiaro. Wazee wetu walikula kiapo cha undugu. Nikikunyima kitu, laana inanipata. Kitu moja tu ndio hatuwezi kupeana, na ni ndoa."

Bundi aliiachia kaunta.

"Na hicho kiapo kinafunga pande zote mbili," Gatakaa alisema akijipangusa macho. "Mimi sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba, na wewe huwezi kukataa. Usikanyage hapa tena, Bundi, maana nimeshakupenda."