Sifuri ya Pauline

"Sifuri," Pauline akarudia.

Bosi Dalmas akashusha kipande cha karatasi alichokuwa amekichovya katika chupa ya marashi mapya. "Sifuri? Sellah amesema sabini. Abel, sabini na tano. Wewe pua yako uliiacha Nairobi?"

Sellah akacheka upesi kuliko ilivyohitajika.

Kazi yao katika chumba kile cha ghorofani, mtaa wa Balad, Jeddah, ilikuwa kuipima harufu kwa namba: sifuri ni hakuna kitu, mia ni harufu ya kumtoa mtu machozi. Kwa kawaida kila mpimaji aliketi kwenye kibanda chake na kuandika namba bila kuiona ya mwenzake. Leo Dalmas, msimamizi na Mkenya mwenzao, aliwaketisha meza moja, akatangaza yake kwanza: themanini.

Pauline akavuta pumzi tena. Hakusikia chochote. Juma lililopita mafua yalimlaza kitandani, na sasa aliogopa: mpimaji asiyenusa hana kazi, na asiye na kazi hana ikama, kibali cha kuishi Saudia. Kusema sabini kungemwokoa.

"Sema tu namba tukale, Pauline," Abel akanong'ona. "Kwani utakufa?"

"Siwezi kuipa namba harufu nisiyoisikia."

"Ona huyu! Mtakatifu wa Jeddah!" Sellah akafoka. "Unataka sisi tuonekane waongo?"

Dalmas akamsogezea Pauline karatasi hadi ikamgusa pua. "Mara ya mwisho. Ngapi?"

Pauline akainusa tena, kisha akairudisha mezani.

"Sifuri, bosi."

"Halas! Toka. Kafili, mdhamini wako, nitamwambia mwenyewe kwamba pua yako imekufa."

Pauline akavua koti jeupe la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka kitini. Hakuna aliyemtazama. Akainama mlangoni kuvaa viatu, akijilaumu kwa yale mafua, huku nyuma yake sauti ya Dalmas ikilainika ghafla.

"Nyinyi wawili ndio watu wangu. Kesho tunaenda Riyadh. Wanunuzi wakiwauliza, mtawapa namba hizo hizo."

Kisha akaichukua ile chupa ya marashi mapya, akaimimina yote, maji matupu, ndani ya birika la umeme, akabonyeza swichi, na kuuliza nani anakunywa chai na sukari.