Fisi Aliyekuja Kutubu

Jumapili moja Fisi aliingia kanisani kwa wanyama akitaka kutubu dhambi yake ya kula mbuzi. Aliwakuta waumini wakibishana kuhusu mapazia. Tausi, mzee wa kanisa, alitaka ya bluu. Kasuku, mwalimu wa kwaya, alitaka mekundu.

"Naomba mniombee," alisema Fisi.

"Subiri kidogo, ndugu, tuko kwenye kikao," alijibu Tausi.

Fisi akaketi kando ya Mbuzi, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Kikao kikaendelea mpaka mchana, na tumbo la Fisi likaanza kunguruma.

Mbuzi akasimama akitetemeka. "Wazee wangu, huyu atubu kwanza. Mapazia yanaweza kungoja. Mimi siwezi."

Kanisa zima likaona aibu. Wakamzunguka Fisi, wakamwombea, na Mbuzi ndiye aliyeomba kwa sauti kubwa kuliko wote.