Kikao cha Madirisha Kufungwa

Wanyama walikuwa na ofisi ya kupanga zamu za kunywa maji mtoni. Karani wake, Punda, alitoka jasho hata akipiga muhuri. Alioga mara mbili kwa siku, alipaka jiwe la shabu makwapani kukata harufu na kubeba shati la akiba. Hata hivyo, barua tatu zisizo na jina zililalamikia harufu ofisini, na kikao kikaitishwa ili afukuzwe.

"Kwa kuwa ajenda ni wewe, subiri nje," alisema Beberu, mwenyekiti. "Na kwa kuwa kikao ni cha siri, fungeni madirisha."

Punda akatoka na jasho lake. Madirisha yakafungwa.

Baada ya dakika kumi, Kanga alikuwa amejifunika uso kwa bawa.

"Huyu Punda ametoka kweli?" akauliza Beberu.

"Ametoka, mheshimiwa," akajibu Nguchiro, katibu, akiangalia dari. "Tena kitambo."

Beberu akainamisha pua taratibu hadi kwapani mwake, akanusa. Yeye hakuwahi kuandikiwa barua. Nani angemwandikia mwenyekiti?

Akafungua dirisha mwenyewe, akamwita Punda.

"Mzee, nirudishe ufunguo wa kabati la ofisi?" Punda aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Kaa nao, ndugu yangu." Beberu akashusha sauti. "Hiyo shabu, unapaka kabla ya kuoga au baada?"

"Baada, mzee, ngozi ikiwa bado na majimaji," akasema Punda, akatoa kipande chake mfukoni, akakivunja katikati na kumpa Beberu nusu.