Kiti cha Nyuma

Getruda alipanda kiti cha nyuma cha pikipiki, akakusanya kanga yake magotini, akamkumbatia Raymundi kiunoni kwa mikono miwili. Wanawake waliokuwa kisimani wakafunika midomo kwa viganja. Raymundi akaona wamemstaajabia, akaongeza moto.

Maana pale Tura, mwaka ule Malkia alipovishwa taji, pikipiki zilikuwa mbili tu, na wenyewe walikuwa wakimtaka msichana mmoja. Ya Raymundi ilikuwa nyeusi, nzito, yenye kiti kipana cha springi. Aliinunua Tabora kwa akiba ya uaskari, maana vita vya Burma vilimrudisha na akiba kidogo na maneno mengi. Ya Justus, karani wa mnunuzi wa nta, ilikuwa nyekundu na nyembamba, na ilikwenda mbio hata kofia yake haijulikani iliangukia wapi tangu Pasaka. Wa tatu alikuwa Elieza, mrina asali mwenye baiskeli. Huyo Raymundi hakumtia hata hesabuni.

Msichana mwenyewe ni Koleta, binti wa Getruda. Getruda alikuwa mjane, na alimzaa Koleta angali kigoli, hata wageni wakishuka stesheni waliwadhani mtu na dada yake. Raymundi alimpenda Koleta mpaka ugali ukawa haupiti kooni. Alipomwomba neno lake, Koleta hakusema ndiyo wala siyo. Alisema zile pikipiki yeye anasikia kelele tu, hajui ipi nzuri. Mama yake ndiye apakiwe azipime, halafu jibu litatoka.

"Ila mwambie akushike sana," aliongeza. "Mama anaogopa kuanguka."

Basi wiki ile Getruda akawa mtu wa kupakiwa. Njia ile ya misafara, ambayo babu zake waliikanyaga kwa miguu mitupu na pembe za ndovu mabegani, yeye aliipita amekaa, leo na Justus, kesho na Raymundi. Kwa mbio, alisema, ya Justus haina mpinzani. Lakini ikiingia kwenye mchanga inamrusha mtu kama karanga kwenye ungo, na siku ya kwanza alirudi ameshika kiuno, anamwita Bikira Maria. Tena inakunywa petroli kama mlevi wa sikukuu. Ya Raymundi ilikwenda taratibu, lakini ilifika Tabora na kurudi, na tangi ukilitikisa bado linalia.

Jumatano waliporudi, Getruda hakushuka upesi. Alikipapasa kiti, akavuta pumzi.

"Raymundi, kiti hiki ningekikalia mpaka uzeeni."

Nusura Raymundi amwite mama mkwe palepale.

Kilichomchekesha wiki nzima ni Elieza. Raymundi akipita peke yake, Elieza alimpungia mkono vizuri tu. Lakini akipita na Getruda nyuma, yule bwana alitupa baiskeli chini, akajitosa majanini na kugeuza uso mpaka vumbi litulie. Ni wivu huo, Raymundi alimpigia Getruda kelele juu ya sauti ya injini, jamaa hawezi hata kututazama. Getruda alicheka mpaka akamlalia mgongoni.

Jumapili baada ya misa walikutana nyumbani kwa Getruda. Mwenye kutoa jibu alikuwa Masolwa, mdogo wa marehemu mumewe. Pikipiki zote mbili zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni, zinameta. Elieza alikaa mbali, nyuma ya kihenge, amewapa watu mgongo kama aliyekuja kudai na kunyimwa.

Masolwa akataka kila mmoja aseme lake. Raymundi akasimama kijeshi. Akaeleza petroli, akaeleza springi, akaeleza mchanga wa mtoni, halafu akatoa lile alilokuwa amelihifadhi kwa mwisho.

"Mama mwenyewe ni shahidi. Alinikumbatia kutoka hapa mpaka stesheni, wala hakuniachia."

Justus naye hakukubali kushindwa. Akasema hata yeye alikumbatiwa, tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu ya kwake inakimbia. Bibi mmoja aliinuka mkekani, akaenda kumalizia kicheko chake nyuma ya nyumba.

"Na wewe?" Masolwa akamwuliza Elieza.

"Mimi, baba, sijamsogelea."

"Basi Koleta ni wako."

Raymundi alivua kofia. Akauliza kama amesikia vizuri, kwamba msichana anapewa mtu wa baiskeli. Masolwa alimtazama kwa huruma.

"Mwanangu, huko jeshini walikusahaulisha hata hili? Mama mkwe akipita, mkwe anaingia majanini. Wewe umekumbatiwa mchana kweupe, na ushahidi umeuleta mwenyewe. Nikupe binti yake tena?"

Koleta alikuwa ameinamia sufuria, mabega yanamtikisika. Raymundi alijua si kilio kile. Akakumbuka nani alimtuma amwambie mama ashike sana, na moyo ukamwuma, haki ya Mungu ulimwuma. Hakuaga. Alivaa kofia yake na kuifuata pikipiki, aiwashe, aende zake Tabora, na Tura wasimwone tena.

Alikuta kiti cha nyuma kina mtu. Getruda amekwisha kaa, kanga ameikusanya magotini, kifurushi cha nguo kiko mapajani.

"Nilikwambia tangu Jumatano," alisema. "Haya, washa. Padri hajaondoka."