Funza wa Nane

Fundi wa maabara aliinamia sahani, asiamini macho yake. Bakteria wa kidonda cha shangazi yake walikuwa wameshinda dawa zote, na matone ya maji ya mwili wa funza saba hayakuwafanya kitu. Lakini palipodondoshwa tone la funza wa nane, sahani iling'aa kama kioo.

Mwenzake akachungulia kwenye hadubini. “Wametobolewa, wanavuja kama ndoo mbovu! Huyu ulimfanyaje?”

“Jana nilimdunga sindano, leo nikamkamua, kama wenzake…” Akaitazama sindano. Jana, kwa haraka zake, sindano ya huyo mmoja hakuipitisha motoni kuua vijidudu. Ilikuwa imetoka kugusa bakteria walewale.

“Basi mtupe, kachafuka.”

“Kachafuka, na bado anatambaa? Mwili wake umejitengenezea dawa!”

Akamchukua funza wa tisa, akachovya sindano kwenye bakteria wa shangazi, akazima moto, akamdunga.